Bodi kuukuu za redio bado ni mtaji nyanda za juu za Kigoma

BEI ya betri kavu ndiyo inayoamua kama redio itasema au itanyamaza katika vijiji vingi vya nyanda za juu za Kigoma, na ndiyo hiyo hiyo inayoamua kama fundi redio atapata kazi. Kutoka Kasulu hadi Kibondo, zikiwamo kata za mashambani kama Nyakitonto, redio ya zamani haitupwi kwa kuwa imegoma. Inafunguliwa, bodi yake ya saketi inakaguliwa, na mwenye redio anaambiwa moja kati ya mambo matatu: itatengenezwa, itabadilishwa, au itavunjwa kuwa vipuri.

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia katika biashara hii anapaswa kuelewa jambo moja mapema. Kutengeneza peke yake hakulipi sana, kwa sababu mteja hukubali kulipa sehemu ndogo tu ya bei ya redio mpya. Kunakolipa zaidi ni kubadilisha bodi ili redio ile ile itumie nishati iliyo rahisi kuliko betri kavu. Mteja wa kutengenezewa hurudi redio inapokufa tena, lakini mteja wa kubadilishiwa hupunguziwa gharama kila mwezi, na habari hiyo huifikisha mwenyewe kwa jirani.

Hata hivyo, kazi hiyo inategemea akiba ya bodi kuukuu ambayo inazidi kupungua, pamoja na ujuzi ambao haupatikani ndani ya redio mpya zinazouzwa sasa. Hilo ndilo linalowekwa hatarini katika soko hili.

REDIO ZILIVYOFIKA

Redio nyingi kuukuu zinazofika mezani kwa fundi zina historia inayojulikana. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam kilichotoa betri kavu na redio za National. Kampuni ya Philips nayo iliunganisha redio mjini Arusha. Wakati wa uhaba wa fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1980, redio mpya ikawa kitu adimu, na fundi aliyeweza kuifufua ya zamani hakukosa wateja.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1984, pale serikali iliporuhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mpango wa kurekebisha uchumi ulifungua milango zaidi. Redio-kaseti za kila namna zikaingia, nyingine imara na nyingine za kudumu msimu mmoja. Mwaka 1993 sheria mpya ya utangazaji iliruhusu vituo vya watu binafsi, na wasikilizaji wakapata sababu zaidi ya kutaka redio yenye FM.

Kigoma ilikuwa na sababu yake ya pekee. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na wakimbizi wengi wakavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianza matangazo huko Ngara ikiwalenga wakimbizi na wenyeji. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kuwapokea watu waliokimbia vita vya Zaire, nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa mtu aliyeacha nyumba na shamba ng'ambo ya mpaka, redio ilikuwa njia ya kujua kama kwao kumetulia. Redio ya mtu huyo ilipogoma, kwake halikuwa suala la burudani.

MARADHI YA BODI

Bodi ya redio ni kipande chembamba cha karatasi ngumu au fiba chenye njia za shaba upande mmoja na vipuri upande wa pili. Vipuri vikubwa ni rizista, kapasita, koili, transista na IC. Fundi mzoefu haanzi kwa kuving'oa. Huanza na njia ya umeme: vishikizo vya betri, swichi, tundu la adapta na waya zinazoelekea kwenye bodi. Redio nyingi zinazosemekana kuwa zimekufa kabisa huwa zimekatika hapo.

Ugonjwa wa kwanza ni betri kuvuja. Betri iliyoachwa ndani ya redio baada ya kwisha nguvu hutoa maji yanayokula springi, halafu hutambaa kwenye waya hadi kufikia njia za shaba. Betri za kawaida za zinki na kaboni hutoa maji yenye asidi, ambayo husafishwa kwa magadi laini ya kuokea yaliyochanganywa na maji kidogo. Betri za alkalini hutoa kitu cha kinyume chake, nacho hukatwa nguvu kwa siki au ndimu. Anayekosea dawa huongeza uharibifu. Baada ya kusafisha, bodi inatakiwa kukaushwa kabisa, na njia iliyoliwa huungwa upya kwa waya mwembamba.

Ugonjwa wa pili ni risasi ya kulehemia kupasuka kuzunguka mguu wa kipuri. Mara nyingi hutokea kwenye tundu la adapta, kwenye volyumu na kwenye vipuri vizito, kwa sababu redio hubebwa kwenye baiskeli na kuangushwa mara kwa mara. Dalili yake ni redio inayosema ikipigwa kofi na kunyamaza ikiachwa. Dawa yake ni chuma cha kulehemia na risasi kidogo tu. Katika vijiji visivyo na umeme mafundi wamezoea kupasha chuma hicho kwenye jiko la mkaa. Kwa bodi za zamani zenye vipuri vikubwa njia hiyo inatosha, lakini bodi mpya zenye vipuri vidogo kama punje ya mtama huungua.

Ugonjwa wa tatu ni kapasita zilizokauka. Kapasita za mkebe zina maji ndani yake, na baada ya miaka mingi hukauka, hasa zilizo karibu na kipuri chenye joto. Redio huanza kuvuma, au sauti hupungua na kukwaruza. Kipuri hiki ni cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye bodi, na kukibadilisha huokoa redio nzima.

Ugonjwa wa nne huja na mvua. Nyanda za juu za Kigoma hupata radi nyingi, na wasikilizaji wengi hufunga waya mrefu kwenye mti ili kuvuta mawimbi ya mbali. Radi ikipiga jirani, umeme unaoingia kwa njia ya waya huo huua transista ya kwanza ya kupokea mawimbi. Redio hubaki ikiguna bila kukamata kituo. Ushauri ni mmoja: wingu likitanda, waya wa nje uchomolewe.

Kuna jaribio moja lisilohitaji kifaa chochote ambalo humwokolea fundi muda mwingi, na hufanywa kwenye redio inayotumia betri tu, isiyochomekwa kwenye umeme wa ukutani. Redio ikiwa imewashwa, huguswa kwa ncha ya bisibisi mguu wa kati wa volyumu huku kidole kikigusa chuma cha bisibisi. Spika ikivuma, sehemu ya sauti ni nzima na ubovu uko upande wa kupokea mawimbi. Isipovuma, ubovu uko kati ya volyumu na spika. Nusu ya bodi imeshaondolewa kwenye mashaka kabla hata mita haijatolewa mkobani.

HESABU YA BETRI

Chukua redio ya kawaida ya betri 6 kubwa. Kila betri ina volti 1.5, hivyo zote kwa pamoja zina volti 9. Betri kubwa ya zinki na kaboni hubeba takriban ampea-saa 5, ambayo ni kama wati-saa 7. Betri 6 zina karibu wati-saa 45. Redio ikisikilizwa kwa sauti ya kadiri hutumia kama wati 0.7. Kwa hesabu hiyo betri hizo zitadumu saa 60 hivi. Familia inayosikiliza saa 4 kwa siku itanunua seti nyingine baada ya wiki mbili.

Sasa chukua paneli ndogo ya jua ya wati 10. Kwa saa 4 za jua zuri paneli hiyo ingetoa wati-saa 40 kwa hesabu ya karatasi. Ukitoa hasara za joto, vumbi, waya na betri ya kuhifadhia, weka nusu tu, yaani wati-saa 20. Maana yake ni kwamba siku mbili au tatu za jua zinatoa nishati sawa na seti nzima ya betri 6 zinazonunuliwa dukani, na matumizi ya redio hiyo kwa siku, ambayo ni chini ya wati-saa 3, ni sehemu ndogo tu ya kinachovunwa. Kinachobaki kinatosha kuchaji simu na kuwasha taa.

Mteja haelezwi hesabu hii kwa wati-saa. Anaulizwa swali moja tu: kwa mwezi unanunua betri mara ngapi? Jibu lake, likizidishwa kwa bei ya dukani na kwa miezi 12, ndilo linaloonyesha kama kubadilisha bodi kuna faida kwake. Anayesikiliza taarifa ya habari peke yake jioni hana haja ya kubadilisha. Mwenye kinyozi, genge au mgahawa ambaye redio yake hailali ndiye mteja wa kweli.

KUBADILISHA BODI

Kosa linaloua redio nyingi ni kuunga betri ya volti 12 moja kwa moja kwenye bodi ya volti 9. Betri hiyo ikiwa inachajiwa na paneli hupanda kupita volti 14. Kapasita nyingi ndani ya redio zimeandikwa volti 10 au 16, na IC ya sauti ina kikomo chake. Redio itapiga kwa nguvu siku chache, mteja atafurahi, kisha IC itaungua.

Njia sahihi ni kuweka regyuleta ya volti 9. Inayotumika sana ni ile ya miguu mitatu yenye namba 7809. Umeme huingia mguu mmoja, hutoka mguu mwingine ukiwa umeshushwa, na mguu wa kati huenda upande hasi. Volti zinazopunguzwa hugeuka joto: ikiwa zinaingia 13, zinatoka 9 na redio inavuta nusu ampea, wati 2 hupotea kama joto, kwa hiyo regyuleta hufungwa kwenye kipande cha bati la kupoozea. Fundi mwangalifu huongeza fyuzi na dayodi ili mteja akigeuza waya redio isiungue. Tahadhari hiyo si ya bure, kwani redio nyingi za zamani za Kijapani zilikuwa na hasi katikati ya tundu la adapta, wakati adapta nyingi za leo zina chanya katikati.

Kwa redio ndogo za betri 2, zenye volti 3, mafundi hutumia betri za simu. Betri ya simu ina volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Dayodi moja ya kawaida hupunguza kama volti 0.7, hivyo redio hupata kati ya 3 na 3.5. Hapa kuna hatari ambayo haipasi kufichwa mteja. Betri za lithiamu haziruhusiwi kupita volti 4.2, na kuziunga moja kwa moja kwenye paneli ni kukaribisha moto ndani ya nyumba. Lazima ziwekewe kibodi cha kudhibiti chaji, na betri iliyovimba haitumiki tena kwa kazi yoyote.

Betri hizo zilipata msukumo kutoka mahali pasipotarajiwa. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu zote zenye namba bandia za utambulisho. Simu zikawa hazina kazi ya kupiga wala kupokea, lakini betri, spika na chaja zake zilibaki nzima. Kwa fundi wa bodi, simu iliyozimwa ilikuwa kifurushi cha vipuri.

Badiliko jingine linahusu magari na redio za mitumba kutoka Japani. Nchini Japani FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati vituo vya Tanzania vinatangaza kati ya 87.5 na 108. Gari linaposhushwa bandarini, redio yake hukamata vituo vichache au hata kimoja hakikamati. Katika redio za zamani za kuzungusha kitufe, fundi huzitanua kidogo duru za koili ya kupangia masafa, nayo masafa hupanda. Kisha hurekebisha koili ya kupokea ili zilingane. Kazi hiyo haina kipuri cha kununua, ni ujuzi mtupu. Katika redio za namba za kidijiti njia hiyo haifanyi kazi, na mteja huwekewa kifaa kidogo kati ya antena na redio kinachoshusha masafa ya vituo vya juu hadi yaingie ndani ya mipaka ya redio ya Kijapani.

MFANO WA CHICAGO

Biashara ya kuhuisha bodi zilizoachwa na watengenezaji haiko Kigoma peke yake. Mjini Chicago, Marekani, ndiko zilikotengenezwa mashine nyingi za pinboli, mchezo wa baa na kumbi ambamo mchezaji hutumbukiza sarafu na kuipiga gololi ya chuma kwa vipigio viwili isianguke. Hadi katikati ya miaka ya 1970 mashine hizo ziliendeshwa kwa rilei na swichi. Kuanzia mwaka 1977 kampuni ya Bally ilitoa kwa wingi mashine zenye bodi za kielektroniki, na washindani wake Williams na Gottlieb wakafuata.

Bodi kuu za Bally za wakati huo ziliwekewa betri ndogo ya kuchajika ya volti 3.6, iliyolehemiwa kwenye bodi yenyewe ili kutunza kumbukumbu ya alama na mahesabu ya sarafu. Baada ya miaka, betri hizo zilianza kuvuja na kula njia za shaba na soketi za IC zilizo jirani. Ugonjwa huo haupishani na ule unaoziua redio za National na Philips, na matibabu yake hufanana: betri hung'olewa, bodi husafishwa kwa siki, soketi na njia zilizoliwa hubadilishwa.

Wenye viwanda hawapo tena kutoa msaada. Gottlieb ilifunga mwaka 1996, na Williams iliacha pinboli mwaka 1999. Mashine zilizobaki zikawa mali ya wakusanyaji na wenye kumbi, na kazi ikahamia kwa mafundi binafsi na kampuni ndogo. Hao nao waligundua kwamba fedha zaidi iko katika kubadilisha. Mahali pa betri huwekwa IC ya kumbukumbu isiyohitaji betri kabisa, na mahali pa vioo vya namba vinavyotumia volti zaidi ya 150 huwekwa vya LED. Mwenye mashine hulipa mara moja ili asirudi kwa fundi kwa ugonjwa ule ule.

Lililowawezesha ni michoro. Bally na Williams waliuza mashine zao pamoja na vitabu vyenye mchoro kamili wa saketi, kila kipuri kikiwa na namba yake. Redio nyingi za zamani nazo zilibandikwa mchoro ndani ya kifuniko cha nyuma. Fundi wa Kasulu aliyeunakili mchoro huo kwenye daftari ana mali ambayo haiuzwi Kariakoo.

BODI MFU NI GHALA

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200, na bado kuna safari ya kupanda hadi Kasulu na vijijini. Kipuri kidogo kinachoagizwa Kariakoo hulipiwa nauli inayoweza kuzidi bei yake. Kwa sababu hiyo duka la kwanza la vipuri la fundi wa kijijini ni rundo la bodi zilizoshindikana. Redio moja ya kaseti iliyovunjwa hutoa transfoma, spika, mota, volyumu, swichi, dayodi, kapasita kadhaa na waya wa kutosha kazi nyingi ndogo.

Rundo hilo sasa lina adui wawili. Wa kwanza ni biashara ya chuma chakavu. Mnunuzi wa mizani hupima redio kwa kilo, kwa ajili ya shaba ya transfoma na sumaku ya spika, na mwenye redio anayehitaji fedha siku hiyo huiuza bila kufikiri. Fundi anayetaka kubaki katika biashara hana budi kumzidi mnunuzi huyo bei, japo kidogo, kwa redio zenye vipuri vinavyotafutwa. Mwenye redio kuukuu naye anashauriwa kuuliza kwa fundi kwanza kabla ya kuifikisha kwenye mizani.

Adui wa pili ni ubunifu wa redio mpya. Redio nyingi ndogo za bei nafuu zina IC moja iliyofunikwa kwa tone jeusi gumu, bila namba wala mguu wa kushikika. Ikifa, bodi yote imekufa, na haina cha kumsaidia redio mwenzake isipokuwa spika na betri. Rundo la bodi hizo halina thamani ya rundo la bodi za zamani, hata kama ni kubwa mara mbili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi mwenye bodi 50 asizoziandika hana tofauti na asiye na bodi, kwa kuwa hatakumbuka kipi kiko wapi mteja anaposubiri. Karatasi moja kwa kila bodi, ikitaja aina ya redio, IC iliyomo na kilichokwisha kung'olewa, hugeuza takataka kuwa ghala. Daftari hilo hilo lioneshe kazi zilizorudi ndani ya mwezi mmoja, kwa maana hizo ndizo zinazokula faida.

KAZI ZISIZORUHUSIWA

Ujuzi wa bodi huvuta pia wateja wabaya. Mashine za sarafu za kubahatisha, zinazojulikana mitaani kama dubwi, zina bodi ambazo fundi redio mzuri anaweza kuzifungua. Hata hivyo, mashine hizo ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kuchezea bodi yake ili kubadilisha malipo kwa wachezaji ni kujitafutia kesi. Vivyo hivyo kwa mita za LUKU. Fundi anayeombwa kufungua vifaa hivyo na mtu asiye na kibali anashauriwa kukataa mapema. Ujira wa siku moja haulingani na kufungiwa kibanda.

MATARAJIO YA SOKO

Mwaka 2022 umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Kibondo na Kasulu kupitia Nyakanazi. Katika nyumba zilizounganishwa, kazi ya kuhamisha redio kutoka betri kwenda jua itapungua, na mahali pake huingia redio kubwa, televisheni na vikuza sauti, ambavyo huungua umeme unapopanda na kushuka. Bodi za vifaa hivyo zina volti za kuua, na fundi aliyezoea volti 9 anahitaji mafunzo kabla ya kuzigusa. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ndiyo njia inayoeleweka ya kuyapata pamoja na cheti.

Vitongoji vilivyo mbali na nguzo bado ni soko la regyuleta na paneli. Kwa upande wa usafiri, ujenzi wa lami wa barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilometa 260, unapunguza gharama ya kuleta vipuri, lakini unapunguza pia gharama ya kuleta redio mpya za bei ndogo. Anayetegemea kutengeneza peke yake atabanwa na redio hizo. Anayebadilisha atakuwa na kitu ambacho redio mpya haileti.

Kwa msimu, fedha huonekana vijijini baada ya mauzo ya maharage na mahindi, na hapo ndipo wateja hukubali kubadilishiwa bodi. Mvua zinapoanza, kazi za radi na unyevu huongezeka huku fedha zikiwa shambani, na mafundi wengi hulazimika kukopesha. Mwenye mtaji anunue regyuleta, dayodi, fyuzi na kapasita kabla ya mavuno, na akusanye bodi kuukuu wakati wa mvua, ambapo wenye redio huziachia kwa bei ya chini. Redio za National na Philips zenye mchoro ndani ya kifuniko zipewe kipaumbele, hata zikiwa hazisemi.